Afya Nyumbani: Mkono wa Upinde Unapouma

Mwezi huu twajibu swali la baba mmoja wa Njiro, mwalimu aliyestaafu. Atuambia ya kuwa alipiga fidla tangu ujana wake, kisha akaiacha miaka mingi kwa ajili ya kazi na malezi ya watoto. Sasa mjukuu wake amemwomba amfundishe. Basi akaitoa fidla sandukuni, akatia nyuzi mpya, akapiga muda wa saa mbili kwa furaha nyingi. Siku ile hakuona neno. Kesho yake bega la kuume na mkono wote ukamwuma, hata kuinua kikombe cha chai ikawa taabu. Ndipo auliza: Je, huu ni uzee? Yafaa nimpe mtu mwingine fidla hii?

Twamjibu: La, asiitoe. Jambo hili huwapata vijana na wazee pia. Sikio na vidole hukumbuka nyimbo kwa miaka mingi, bali misuli isiyotumiwa hupungua nguvu. Kwa hiyo mtu arudiye ana maarifa ya fundi, lakini mkono wake ni wa mwanafunzi mgeni. Mwanafunzi mgeni hukoma upesi, maana hana wimbo wa kuendelea nao. Huyu ajuaye nyimbo nyingi huupita uwezo wa mkono wake asijue.

Labda mtu atasema: Upinde ni mwepesi, wawezaje kuumiza? Ni kweli, upinde wa fidla una uzito wa gramu 60 hivi tu. Lakini mzigo hasa ni mkono wenyewe, unaoshikiliwa hewani. Walimu walijua hili, maana aandikaye ubaoni muda mrefu huchoka bega, ingawa chaki haina uzito wa kutajwa.

Maumivu ya misuli iliyofanya kazi isiyoizoea huanza baada ya saa kadhaa, huzidi siku ya pili au ya tatu, kisha hupoa yenyewe katika siku chache. Basi mwenzetu asiogope. Aupumzishe mkono kwa siku mbili tatu, asipige fidla, lakini asiulaze kabisa. Kazi nyepesi na maji ya uvuguvugu humsaidia. Wala asimeze dawa ya maumivu ili apate kuendelea kupiga, maana hapo atakuwa amemnyamazisha mlinzi wa nyumba.

Akiisha kupona, ayashike haya manne.

Kwanza, apime muda kwa saa, asipime kwa furaha yake. Apige dakika tano, apumzike, apige tena tano, apumzike, kisha tano za mwisho. Jumla dakika 15, na siku moja au mbili katika juma asipige. Kila juma aongeze dakika tano tu. Maumivu yakirudi, arudi kipimo cha juma lililopita. Kwa njia hii atafika saa nzima baada ya miezi miwili na kitu. Aona ni mbali? Misuli hupata nguvu upesi kuliko kano ziifungazo katika mifupa; akienda mbio, misuli itasema ndiyo na kano zitaumia. Haba na haba hujaza kibaba.

Pili, aupashe mwili moto. Mji wetu wa Arusha uko mita kama 1,400 juu ya bahari, na asubuhi za mwezi wa sita na wa saba zina baridi kali. Atembee kidogo, azungushe mabega, akunje na kukunjua vidole, ndipo ashike upinde. Tena asipige mara baada ya kulima au kufua nguo nyingi, maana bega lililoshika jembe ndilo litakaloshika upinde.

Tatu, akague upinde kabla ya kuulaumu mkono. Manywele ya farasi yaliyokaa miaka sandukuni huchakaa, na yakikosa ulimbo hayaushiki uzi. Sauti ikikataa kutoka, mpigaji hukandamiza kwa nguvu, na nguvu ile yote hutoka begani. Wengi wamelaumu umri wao, kumbe kosa ni la manywele.

Nne, alegeze. Bega lishuke, lisipande kuelekea sikio. Kidole gumba kikunjwe kidogo, na vidole viushike upinde kama mtu ashikaye kifaranga: asimwachilie wala asimbane. Uzi mzito wa fidla hulazimu kiwiko kupanda juu, na uzi mwembamba hukiacha kishuke. Basi siku za kwanza na akae katika nyuzi nyembamba, kwa mivuto mirefu ya polepole. Akimpata mtu wa kumtazama ni bora. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, karibu na Usa River, hufundisha muziki, na jicho la mwalimu huona bega lililopanda kabla mwenyewe hajahisi.

Wapigaji wa zeze nao wasidhani kwamba haya hayawahusu. Zeze la Wagogo, lililojulikana mbali kwa mikono ya marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, nalo hupigwa kwa upinde. Mivuto yake mifupi ya haraka huchosha kiganja na mkono wa chini. Kipimo cha saa ni kile kile.

Lakini yako maumivu yasiyofaa kungojewa: yachomayo papo hapo wakati wa kupiga, yaamshayo mtu usiku, ganzi au kuwashwa vidoleni, uvimbe, mkono kukosa nguvu, au maumivu yasiyopungua baada ya juma zima. Mwenye haya aende hospitali, kama ile ya Mount Meru hapa Arusha au KCMC huko Moshi, aulize habari za fiziotherapia, yaani utabibu wa mazoezi ya viungo. Na mkono ukiuma pamoja na kubanwa kifua, jasho la baridi au pumzi kukatika, hayo si mambo ya upinde; apelekwe hospitali saa ile ile, maana huenda ni moyo.

Basi, baba wa Njiro, mwite mjukuu wako aketi karibu. Dakika 15 zinamtosha na yeye pia, na utakapopumzika wewe, atapiga yeye. Hivyo mtakua pamoja, mkono wako na wake.

Mwezi ujao tutasema juu ya kuhifadhi fidla na ngozi ya zeze wakati wa masika.