Tuulinde Waya wa Treni Yetu

Ndugu zangu wa Kamina, baba na mama, vijana wa stesheni na wa sokoni,

Kule Uturuki, kampuni ya Karsan ya mjini Bursa inaunda basi dogo la umeme liitwalo e-Jest. Lina urefu wa mita 6 hivi, na kwa maelezo ya kiwanda linaweza kwenda hadi kilomita 210 kwa chaji moja. Kwa mji kama wetu, ambako mgonjwa anafikishwa hospitalini akiwa ameshikilia mgongo wa mwenye pikipiki, basi la namna hiyo lingetufaa sana. Kulitamani si kosa. Kobalti ya betri, ambayo dunia nzima inaigombania, inachimbwa kwa jirani zetu wa Kolwezi.

Lakini ombi langu linahusu kitu tulicho nacho tayari. Usafiri wa umeme si mgeni kwetu. Reli ya Katanga ilianza kuwekewa umeme mwaka 1952, kati ya Tenke na Likasi, mji uliokuwa ukiitwa Jadotville, na baadaye waya ukasogezwa hadi hapa. Nchi yetu ina takriban kilomita 858 za reli ya umeme, na kwa upande wa kaskazini Kamina ndipo waya unapoishia. Kuelekea Ilebo au Kabalo, treni inavutwa kwa mafuta. Ndugu zetu Watanzania walianza kupanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, kwenye reli iliyojengwa na Yapı Merkezi, kampuni nyingine ya Kituruki. Wameshangilia, na wana haki. Sisi tuliutangulia mwaka huo kwa zaidi ya miaka 70, kwenye njia iliyofunguliwa kwa jasho la babu zetu.

Na waya huo tunauiba wenyewe.

Utazameni vizuri. Ule unaoguswa na treni ni wa shaba, unene wake kama wa kidole kidogo, na pande zake mbili una mifereji inayokwenda urefu wote, ili vibanio viushike kwa juu bila kuzuia treni inayopita chini. Waya wa nyumbani hauna mifereji hiyo. Kwa hiyo mnunuzi wa vyuma chakavu anayeletewa vipande vyake anajua kabisa vimetoka wapi, hata vikiletwa usiku ndani ya gunia la makaa. Pengo la mita chache tu linatosha kusimamisha treni ya umeme. Hapo kampuni yetu ya reli, SNCC, inabaki kutafuta kichwa cha dizeli na mafuta ya kukiendesha, treni inachelewa, na mahindi yanaozea njiani.

Na treni ya abiria ikikosekana, watu wanalipa kwa uhai pia. Machi 2022, treni ya mizigo ilianguka Buyofwe, upande wa Lubudi, na zaidi ya watu 70 wakafa. Wengi wao walikuwa wamepanda mabehewa ya mizigo kwa kujificha. Mtu mwenye njia nyingine ya kusafiri hapandi hivyo na watoto wake.

Nawasihi basi ninyi mnaonunua vyuma: mkiletewa shaba yenye mifereji, ikataeni. Mkazi wa kando ya reli, ukisikia msumeno usiku, mwamshe mkuu wa mtaa, wala usiende peke yako, kwa sababu waya huo hubeba volti 25,000 na unaua. Wazazi wenye watoto wanaopenda ufundi, wapelekeni wakasome umeme, maana hata hilo basi la Uturuki likifika litahitaji fundi wa hapa.

Na wabunge wetu wa jimbo tuwaulize, kila wanapokuja kutusalimu, ni lini treni ya abiria itatoka Kamina kwa ratiba inayojulikana. Tusikubali jibu la kwamba pesa hakuna mpaka watueleze ni kiasi gani kinachotakiwa. Tuwaulize kwa adabu, tuwaulize tena mwezi unaofuata, na wakati huo waya uwe bado uko juu ya nguzo zake.