Rubani akitua kwa kishindo

Jirani yangu, mama mtu mzima ambaye humtembelea bintiye Mombasa mara kwa mara, alirejea juzi akiwa amefura kwa hasira. Ndege yao ilitua Embakasi mvua ikinyesha, ikajibwaga chini kwa kishindo mpaka mkoba ukamruka mapajani. "Mwanangu, yule si rubani, yule ni mwanafunzi," akaniambia.

Sikujua nianzie wapi kumweleza kwamba huenda rubani huyo alifanya hasa lile alilofunzwa.

Wengi wetu hudhani kuwa magurudumu yakishagusa chini safari imekwisha, na wapo wanaopiga makofi. Kumbe kazi ingalipo. Ndege kubwa hugusa chini ikienda zaidi ya kilomita 200 kwa saa, na kwa kasi hiyo mabawa bado yanaibeba. Uzito wake haujawakalia magurudumu. Kufunga breki wakati huo ni sawa na kufunga breki ya baiskeli ambayo mtu ameiinua kwa nyuma.

Ndiyo maana juu ya kila bawa pana vibao ambavyo husimama wima mara ndege inapotua. Ukiketi dirishani karibu na bawa utaviona. Kazi yavyo ni kulinyang'anya bawa nguvu ya kubeba, ili uzito wote ushuke kwenye magurudumu. Injini nazo huelekeza hewa mbele ili kuizuia ndege. Ile ngurumo inayowatisha watoto ndiyo hiyo.

Sasa msomaji, tazama yaliyotokea Warsaw, Poland, Septemba 14, 1993. Ndege aina ya Airbus A320 ya shirika la Lufthansa iliyotoka Frankfurt ilikuwa na watu 70. Mvua ilikuwa ikinyesha. Marubani walikuwa wameambiwa upepo unatoka ubavuni, basi wakailaza ndege kidogo upande wa kulia kama ilivyo desturi. Lakini upepo ulikuwa umegeuka, ukawa unawasukuma kutoka nyuma. Gurudumu la kulia likagusa chini taratibu, lile la kushoto likabaki hewani kwa sekunde kama tisa hivi.

Kompyuta ya ndege hiyo ilikuwa imeundwa isiruhusu vibao kusimama mpaka ihakikishe kuwa ndege imetua kweli: ama magurudumu ya pande zote mbili yawe yamebeba uzito, ama yawe yanazunguka kwa kasi ya kutosha. Hakuna lililotimia. Uzito ulikuwa haujashuka, na tairi zilikuwa zikielea juu ya maji bila kuzunguka ipasavyo. Kompyuta ikaamini kuwa ndege ingali angani! Kufikia wakati vibao viliposimama, zaidi ya nusu ya barabara ilikuwa imeliwa. Ndege ilipita mwisho wa barabara, ikagonga tuta na kushika moto. Watu wawili walifariki.

Kama ingalijibwaga kwa nguvu, kwa magurudumu yote mawili, huenda mambo yangalikuwa mengine.

Kuacha barabara kwa ubavu nako kuna visa vyake. Upepo wa ubavuni husukuma mkia, na pua ikageuka kama kishada. Au nguvu za pande mbili zisilingane, kama ilivyokuwa Congonhas, São Paulo, Julai 17, 2007. Barabara ilikuwa na maji. Kinasa kumbukumbu cha ndege ya TAM kilionyesha kuwa injini ya kushoto ilikuwa ikiivuta ndege nyuma huku ya kulia ikiendelea kuisukuma mbele, na vibao havikusimama. Ndege ikapinda kushoto, ikaruka barabara kuu ya magari na kugonga jengo lililokuwa ng'ambo. Watu 199 waliangamia.

Hapa Nairobi hewa ni nyepesi kwa kuwa tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na ndege hugusa chini kwa kasi kubwa kuliko Mombasa. Bahati nzuri barabara ya Embakasi ina zaidi ya kilomita 4.

Rubani akiona amechelewa kugusa chini, au upepo umemzidi, anaruhusiwa kuongeza moto na kupaa tena ilimradi hajaanza kugeuza nguvu ya injini. Abiria hunung'unika kwamba wanacheleweshwa. Mimi mwenyewe nimewahi kunung'unika.

Nilimweleza jirani yangu haya yote, akanisikiliza mpaka mwisho huku akimenya machungwa. Kisha akauliza, "Na kinywa chake kilikuwa na nini asitutangazie kwamba atatubwaga?"

Hilo sikuwa na jibu lake.