Tumechoka na Tembo wa Insha

Msimamishe kijana yeyote pale Kariakoo, umuulize Msimbazi ni nini. Atakwambia ni Simba. Ni Wekundu, ni makao makuu ya klabu, ni mtaa wenye maduka ya simu. Akikumbuka kwamba kuna mto, ataukumbuka kwa ubaya: maji yamejaa Jangwani, barabara imefungwa, mabasi ya mwendokasi yamesimama. Lakini kwamba mto huo una chanzo, na chanzo chenyewe kiko kwenye vilima vya Pugu, safari ya daladala mbili tu kutoka hapo aliposimama, hilo hajawahi kuambiwa. Sasa mgeuzie swali. Muulize habari za nyumbu wa Serengeti. Hapo utapewa hotuba! Nyumbu zaidi ya milioni moja, wanavuka Mto Mara, mamba wanawangojea. Kasoma, kafanyia mtihani, kapata alama.

Huo ndio ugomvi wangu, vijana wenzangu, na nausema bila kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Elimu ya uhifadhi tunayopewa sisi watoto wa mjini ni elimu ya mbali. Inatutaka tuwapende wanyama ambao wengi wetu hatutawaona, kwa ajili ya wageni ambao watawaona, na inatuacha vipofu mbele ya mto unaopita nyuma ya choo chetu.

Nani kati yetu hajaandika ile insha? Unaijua. Wanyamapori ni urithi wa taifa, huliingizia taifa fedha za kigeni, hivyo basi hatuna budi kuwatunza. Mwanafunzi wa Tandika ameandika hivyo, wa Manzese kaandika hivyo, na mdogo wako ataandika hivyo mwakani. Zawadi ni daftari kubwa na kalamu, na kupigiwa makofi mstarini. Mimi huyo tembo wa kwenye insha nimemchoka. Hana harufu. Hanyi. Hali mahindi ya mtu wala havunji tangi la maji la kijiji. Kazi yake moja tu, kuingiza fedha za kigeni, kama karani wa benki mwenye masikio makubwa. Na sisi tunaotaka kuwa waandishi tulipaswa kukasirika kabla ya watu wengine wote, maana ni hapo tulipofundishwa kuandika kitu tusichokijua, na tukapewa zawadi kwa kutokukijua.

Wakati insha zikiandikwa, tembo wa kweli walikuwa wakifa. Sensa ya mwaka 2009 ilikadiria kuwa Tanzania ina tembo kama 110,000. Sensa ya 2014 ikakuta kama 43,000. Miaka mitano tu! Sasa jiulize, pembe hizo zote zilikwenda wapi? Pembe haina miguu. Kuna mtu aliipakia kwenye gari, mtu akaendesha gari, mtu akakodisha stoo, mtu akaandika karatasi kwamba mzigo huu ni kitu kingine. Kazi hizo ni za mjini. Februari 2019 Mahakama ya Kisutu ilimhukumu mfanyabiashara mmoja raia wa China na Watanzania wawili kifungo cha miaka 15 kila mmoja kwa biashara ya pembe za ndovu. Kisutu, ndugu yangu, ni mwendo wa miguu kutoka Posta. Wale waliokuwa wakipakia na kuandika karatasi wamesoma shule kama hizi zetu, na sitashangaa nikiambiwa kuna aliyeandika ile insha akapata alama nzuri.

Mkaa ni hivyo hivyo. Hakuna mtu wa porini anayechoma mkaa ili aule. Unachomwa kwa sababu kuna jiko Mbagala na Buguruni linausubiri. Msitu wa Pugu na jirani yake Kazimzumbwi vimekatwa miaka na miaka na vimepanda kwenye baiskeli na pikipiki kuja kuivisha maharage yetu. Lakini somo la mkaa tulilofundishwa linamzungumzia mwanakijiji asiye na elimu anayekata miti ovyo. Mlaji wa maharage hayumo kwenye somo.

Nikae kidogo hapo Pugu, maana panastahili.

Msitu ule ni kipande kilichobaki cha misitu ya pwani, misitu ya kale sana, yenye mimea na viumbe ambavyo vingine havipatikani kokote duniani nje ya ukanda huu wetu. Siku hizi Pugu na Kazimzumbwi vimewekwa kwenye kundi la misitu ya mazingira asilia, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Mapango yapo, popo wapo kwa maelfu. Na pembeni ya msitu huo ndiko Julius Nyerere alikofundisha baada ya kurudi kutoka Uingereza mwaka 1952, mpaka alipoacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Lile jina la Mwalimu tunalolitamka kila siku limekomaa kwenye vilima vile vile unakotoka Msimbazi. Mtu huyo huyo ndiye aliyetoa Tamko la Arusha la Septemba 1961 kuhusu wanyamapori (msilichanganye na Azimio la 1967), akasema kwamba kuwatunza viumbe hao kunahitaji wataalamu, fedha na watu waliofundishwa. Haikupita miaka miwili. Mwaka 1963 chuo cha Mweka kikafunguliwa kule Kilimanjaro kufundisha wahifadhi, na mpaka leo Afrika nzima inaleta watu wake pale.

Kwa hiyo bwana nyama alipata chuo. Askari wa wanyamapori alipata chuo, Pasiansi kule Mwanza. Nauliza, mwalimu wa Baiolojia wa shule ya kata ya Dar es Salaam alipata nini? Alipata bango. Twiga wa rangi kwenye karatasi inayong'aa, chini pameandikwa tuwalinde.

Katika shule niliyosoma, jina naliacha, mlezi wa klabu ya mazingira alikuwa mwalimu wa Jiografia, mzee mmoja mpole mwenye viatu vilivyochoka. Alitaka kutupeleka Pugu. Si Mikumi, si Serengeti, Pugu! Akaandika barua ya kuomba basi. Akajibiwa asubiri bajeti. Akaandika tena muhula uliofuata. Bajeti hiyo inasubiriwa mpaka leo. Tulichofanya kwenye klabu ni kufagia, na kupanda mti kila ilipokuja shughuli ya kitaifa. Shimo lilikuwa lile lile, mti ndio ulikuwa mpya kila mwaka, kwa sababu baada ya picha hakuna aliyemwagilia. Kisha ikaja semina ya walimu wa mazingira, mkoa mwingine, hotelini, siku nne. Mnadhani alikwenda yule mzee? Alikwenda mtu wa ofisini, hafundishi kipindi hata kimoja. Posho ni posho. Alirudi na kofia na mkoba wenye maandishi ya kuhifadhi bioanuwai, na mkoba ule tuliuona muda mrefu tu ukibebea nyanya.

Sisemi hayo ili kumcheka mtu. Nasema kwa sababu nafasi za kujifunza zipo, ndiyo inayouma. Klabu za Malihai zipo tangu miaka ya 1980. Roots & Shoots, ambayo leo iko katika nchi zaidi ya 60, ilianzia hapa hapa Dar mwaka 1991, kwenye baraza la nyumba ya Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025. Walikuwa wanafunzi 12 wa Kitanzania. Hawakwenda pale kuandikishwa insha. Walikwenda na maswali yao juu ya mambo waliyoyaona kwa macho. Dunia imelichukua wazo lile, na sisi tuliolizaa tumerudi kwenye bango la twiga.

Na wageni je? Kuna shirika la Marekani, School for Field Studies, lina kituo Rhotia, karibu na Karatu. Kijana wa chuo anatoka Marekani, anakaa wiki kadhaa, anahesabu wanyama, anaongea na wafugaji, anapima ardhi, na masomo hayo yanahesabiwa kwenye shahada yake. Sina kinyongo naye, amelipa, na amejasho. Ila inanikera kwamba anaondoka anajua kinyesi cha nyati na cha ng'ombe vinatofautianaje, na mimi mwenye nchi najua kwamba nyati huingiza fedha za kigeni.

Watasema hakuna pesa. Wakisema hivyo waulizwe hesabu. Kiingilio cha Mtanzania kwenye hifadhi zetu ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni. Kinachotuua ni basi, chakula, na malazi ya watoto 60 kwenda mbali na kurudi. Ndiyo maana nasema tuanze na palipo karibu na tuanze na mwalimu. Zile fedha za siku nne za hoteli zingetosha kuwaweka walimu 20 Pugu siku tatu, wanatembea na mtu anayeijua miti ile kwa jina na kwa dawa yake, wanapiga picha kwa simu zao, wanachora, wanaonyeshwa maji yanapoanzia. Mwalimu aliyeshika jani la mkongo kwa mkono wake hahitaji bango. Atawapitisha watoto wengine kila mwaka mpaka anastaafu. Mwanafunzi mmoja mshindi wa insha anayepelekwa mbugani na kupigwa picha anarudi na picha.

Wengine watasema mjini hakuna maumbile ya kufundishia. Eti hakuna! Inua kichwa umwone kunguru anayekuibia chapati pale kwa mama ntilie. Huyo hakuzaliwa huku. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, akavuka, akazaana, na anakula mayai na makinda ya ndege wetu wadogo. Somo zima la viumbe wageni limekaa juu ya waya wa umeme na linakupigia kelele. Nenda daraja la Salenda uone mikoko pale Msimbazi unapomwaga kila tulichoutupia, halafu nenda Kunduchi uone mikoko iliyo hai, mizizi juu, kaa na vikamba wadogo chini. Kwenye uwanja wa shule yako hesabu miti: mwarobaini asili yake Asia, mkaratusi Australia, mkrismasi Madagaska. Umepanda miti maisha yako yote na hujawahi kupanda mvule.

Na chura wa Kihansi, mnamfahamu? Kijichura cha manjano, kinatoshea kwenye sarafu, hakitagi mayai, kinazaa vitoto vilivyokamilika. Kiligunduliwa mwaka 1996 kwenye maporomoko ya Kihansi, milima ya Udzungwa, kinaishi kwenye unyunyu wa maji ya maporomoko, na hapo tu, duniani kote. Maji yakageuzwa kuzalisha umeme, unyunyu ukapungua. Mwaka 2000 vyura karibu 500 wakapandishwa ndege kwenda Marekani kulelewa, watu wakacheka, chura anapanda ndege! Kule nyumbani wakaja pia kupigwa na ugonjwa wa ngozi, na mwaka 2009 wakatangazwa wametoweka porini. Mwaka 2010 walirudishwa 100, wakalelewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa Kihansi, ambako wamewekewa mabomba ya kunyunyiza maji. Kisa hiki kina kila kitu: umeme wa feni zetu, sayansi, pesa, kejeli, safari, kufa na kurudi. Kilipita Mlimani, nauli ya daladala moja kutoka Manzese. Kwenye kijiwe chetu, vijana tisa waliomaliza kidato cha nne, hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia.

Hapo nawageukia nyinyi mnaotuma hadithi kwenye gazeti hili, na mimi nimo. Someni kazi zetu. Mhusika anaketi chini ya "mti mmoja". Asubuhi anaamshwa na "ndege". Mvua inanyesha pale tu msichana anapoachwa. Tunajua aina ya gari la mhuni na rangi ya sketi ya binti, ila mto unaoingia ndani ya nyumba ya mhusika usiku na kuondoka na godoro hauna tabia, hauna ulikotoka. Desemba 2011 Msimbazi ulijaa, watu wakafa, familia zikahamishiwa Mabwepande. Hadithi yake ingeanzia Pugu, kwa mtu mwenye shoka, ipite kwa mwenye kiwanda, kwa mlima mchicha wa bondeni, iishie Salenda kwenye mikoko. Riwaya hiyo sijaiona. Naiandika mimi, taratibu, na atakayenitangulia nitamsoma kwa wivu.

Kwa sasa nina ombi la kikazi. Mwalimu yeyote wa sekondari hapa Dar anayetaka kwenda Pugu na vijana wake, bila basi, kwa daladala ya Kisarawe, kiingilio tukichangishana, aandike kwa mhariri. Tuko sita tayari. Mzee wetu wa Jiografia amestaafu lakini amekubali kutangulia mbele, kwa viatu vile vile. Na wale wanaopanga semina hotelini, kama nimewaonea, kurasa za toleo lijalo ziko wazi. Mwenye mkoba aanze.