Rangi ya Kukisia Si Ushahidi

Wapo wanaodai kwamba picha ya kale ikitiwa rangi kwa kompyuta humkurubisha mtazamaji na watu wa zamani. Dai hilo lina ukweli wake, lakini kwa mtafiti halitoshi. Picha nyeusi na nyeupe huhifadhi kiasi cha mwanga tu. Kijivu kimoja chaweza kuwa kilitokana na wekundu au na kijani. Isitoshe, kabla ya mwaka 1906, vioo vya kupigia picha vilivyohisi rangi zote vilipoanza kuuzwa, vioo vya kawaida havikuhisi wekundu: chekundu kilitoka cheusi, na buluu ikafifia. Kwa hiyo katika picha ya wakati huo ya kisutu, kanga ya arusi yenye wekundu, weusi na weupe, rangi mbili za kwanza zaweza kuonekana moja.

Mtumiaji wa programu kama Photoshop huchagua rangi mwenyewe na kuitandaza juu ya picha. Programu zinazotia rangi zenyewe nazo hukisia kutokana na picha nyingine zilizofunzwa. Zote mbili zaweza kumvua bibi arusi kisutu chake, na mwanafunzi wa utamaduni akanukuu kosa hilo kama ushahidi.

Hapana haja ya kuipiga marufuku kazi hii. Hata hivyo, picha asilia haina budi kuchapishwa kando ya ile iliyotiwa rangi, na msomaji aelezwe ni rangi ipi imethibitishwa kwa kitambaa kilichohifadhiwa na ipi imekisiwa.