MASHAURI YA BIASHARA: Kabla ya Kufungua Duka la Baisikeli

Wiki iliyopita kijana mmoja wa upande wa Busia alinijia ofisini kuomba shauri. Alikuwa na Shs. 150,000/-. Sehemu alijiwekea mwenyewe kwa kazi ya kuchukua mizigo kwa baisikeli, na sehemu alipewa na baba yake, aliyeuza fahali wawili. Alitaka kufungua duka la baisikeli lililo lake mwenyewe, asiwe chini ya tajiri yeyote. Jina la duka alikwisha kulichagua, na rangi ya mlango pia.

Nilimwomba aketi, kwa maana habari hii naijua kwa uchungu. Mimi ni karani, na sehemu ya kazi yangu ni kuandika leseni za biashara. Kila mwaka naona majina mapya, na kila mwaka naona majina yasiyorudi. Jina mojawapo lililokosa kurudi lilikuwa la kaka yangu mkubwa.

Kaka yangu alinunua baisikeli mpya nane, akazipanga mbele ya duka kama askari katika gwaride. Watu walikuja, wakazisifu, wakapiga kengele zake, wakaenda zao. Mtu akija kutaka mpira wa ndani, haukuwapo, kwani fedha zote zilikuwa zimesimama pale mlangoni juu ya magurudumu. Jamaa zetu nao walichukua vitu kwa ahadi ya mwisho wa mwezi. Baada ya miezi kumi na minne duka lilifungwa, na akiba yangu niliyomkopesha ilikwenda pamoja nalo. Wala simlaumu yeye peke yake. Mimi niliyesomeshwa kushika hesabu sikufungua daftari lake hata siku moja.

Basi shauri langu la kwanza ni hili: duka la baisikeli huishi kwa matengenezo, si kwa kuuza baisikeli mpya. Mtu hununua baisikeli mara moja katika miaka mingi, lakini mwiba humpata kila juma.

Tufanye hesabu ya mfano, na kila mtu aulize bei za soko lake. Tuseme baisikeli moja hununuliwa kwa Shs. 14,000/- na kuuzwa kwa Shs. 15,500/-. Faida ni Shs. 1,500/-, nayo huenda ikangojewa miezi minne. Kwa Shs. 14,000/- hizo hizo waweza kununua mipira ya ndani 20 kwa Shs. 300/-, tairi 8 kwa Shs. 700/-, minyororo 4 kwa Shs. 350/-, na jozi 20 za mipira ya breki kwa Shs. 50/-. Ukipata faida ya Shs. 100/- kwa kila mpira wa ndani, Shs. 200/- kwa tairi, Shs. 100/- kwa mnyororo, na Shs. 30/- kwa jozi ya breki, jumla ni Shs. 4,600/-. Tena hapo hatujahesabu ujira wa fundi. Mteja anayetaka baisikeli mpya aweke amana, ndipo ukamletee.

Lakini usiagize kitu kabla ya kujua baisikeli za mahali pako. Siku ya soko keti kando ya njia tangu asubuhi mpaka jioni, ukiwa na daftari na kalamu. Andika ni ngapi zimepita, ni za namna gani, na zimeharibika wapi. Zamani za baba zetu ungeona Raleigh za Nottingham. Siku hizi nyingi hutoka Uhindi na Uchina. Baisikeli nyeusi ya mzigo, ile iitwayo Black Mamba, kwa kawaida hutumia tairi ya inchi 28, na nyingi huwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma. Zile za tairi nene mara nyingi ni za inchi 26. Tairi ya moja haiingii katika nyingine, na mali isiyolingana na njia yako itazeeka ukutani.

Angalia pia wateja wako ni nani. Katika miji mingi pikipiki zimechukua abiria waliopandishwa kwa baisikeli. Hata hivyo mchuuzi wa maziwa, muuza mkate, mwanafunzi wa mbali na mkulima apelekaye gunia kusagisha bado wanakanyaga. Watu hawa chakula chao cha siku hutegemea gurudumu. Anayewatengenezea upesi, asubuhi na mapema, hawatamwacha.

Jambo la pili ni ufundi. Ikiwa huujui, jifunze kwanza kwa fundi mwingine, ingawa ni kwa miezi sita. Mwanagenzi asiyejua kwamba pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuizungusha upande ule ambao skrubu nyingine hukazwa, ataharibu mkono wa pedali, nawe utaulipa. Goroli zisirudishwe bila kusafishwa na kutiwa grisi. Rimu iliyopinda inyooshwe kwa kukaza na kulegeza spoku, si kwa kupigwa nyundo. Kazi ikimalizika, mwenye baisikeli aijaribu mbele yako kabla ya kulipa.

Jambo la tatu ni deni. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Najua ni vigumu kumkatalia shangazi aliyekuja na baisikeli ya mwanawe. Ukitaka kumsaidia, toa fedha mfukoni mwako, uzitie katika kasha la duka, kisha uandike kwamba mali imelipiwa. Hivyo umemheshimu shangazi, na duka halikuibiwa. Usipokuwa na fedha mfukoni, basi hukuwa na uwezo wa kumpa, na yafaa umwambie hivyo kwa adabu.

Jambo la nne ni daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila jioni andika kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Jiwekee mshahara wa kila mwezi, hata ukiwa mdogo, wala usichote zaidi ya huo. Namba ya duka ya kupokelea malipo ya M-Pesa iwe mbali na ile ya simu yako, fedha za unga na za mipira zisije zikachanganyika.

Tena, ukiuziwa baisikeli kuukuu, andika jina la muuzaji, namba ya kitambulisho chake, na namba iliyopigwa katika chuma cha baisikeli. Asiyekubali kuandikwa, mwache aende na baisikeli yake. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na urahisi wa bei hautakuokoa mbele ya hakimu. Leseni ya kaunti nayo iwe imelipiwa kabla ya mlango kufunguliwa.

Kijana aliniuliza, “Bwana Karani, sasa hizi laki moja na nusu nizigawe namna gani?” Nilimwandikia hivi: vipuri Shs. 60,000/-, spana, pampu na vyombo vingine Shs. 25,000/-, kodi ya chumba na leseni Shs. 15,000/-, na Shs. 50,000/- zikae benki asiziguse, mpaka ajue ni kitu gani kinachotoka upesi dukani. Akajibu, “Lakini duka litaonekana tupu.” Nilimwambia kwamba la kaka yangu lilionekana limejaa.

Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba fahali wale walikuwa ndio wa kulimia, na baba yake sasa analima kwa jembe la mkono. Basi nikamwambia: ndiyo sababu usianze kwa rangi ya mlango. Alikwenda zake kuhesabu baisikeli siku ya soko. Akirudi na daftari lake limeandikwa, nitamwandikia leseni kwa furaha. Na safari hii, akiniruhusu, nitalitazama daftari hilo kila mwisho wa mwezi.