Kitendawili Kisicho na Jibu

Kutega kitendawili ni haki ya kila mtu, lakini ni haki yenye deni. Mtegaji hupewa mji na walioshindwa kwa sababu jibu analo kifuani mwake. Asiye na jibu akipokea mji, ameupata kwa hila, na wasikilizaji wana haki ya kumnyang'anya. Sheria hii ya barazani yafaa kuwa mizani ya kupimia kazi moja iliyopata umaarufu katika shule za Uingereza: vijana kutengeneza mwanzo wa sinema ya taharuki, na mwanzo tu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Katika somo la vyombo vya habari la ngazi ya AS, lililoanza kufundishwa mwaka 2008, baraza la mitihani liitwalo OCR liliwataka watahiniwa, kila mtu peke yake au kwa makundi yasiyozidi watu wanne, watengeneze majina na mwanzo wa sinema mpya ya kubuni. Mwanzo huo usizidi dakika 2. Alama zilikuwa 100: 20 za utafiti na matayarisho, 60 za picha yenyewe, na 20 za tathmini. Maelekezo hayakumlazimisha mtu kuchagua taharuki, lakini wengi waliichagua. Mwaka 2017 mitaala mipya ilianza kushika nafasi ya ule wa zamani. Hata hivyo desturi ya kuomba kipande cha sinema haikufa pamoja nao, kwani mtaala wa GCSE wa baraza la Eduqas ulioanza mwaka huo huo uliwataka vijana dondoo tu la sinema.

Wako waliolicheka somo hili wakasema ni mchezo wa watoto wasioweza hesabu. Dhihaka hiyo haina uzito. Kujua kwa nini kamera isivuke mstari uliopo baina ya wasemaji wawili, na namna ya kuunga tendo lililoanza katika picha moja likaisha katika picha nyingine, ni elimu ya haki kama ilivyo elimu ya vina na mizani. Kosa haliko katika kufundisha sinema. Kosa liko katika kumfundisha kijana kutega bila kumdai jibu.

Matunda ya kosa hilo yalifanana kama punje za hindi moja. Msichana anakimbia msituni jioni. Nyuma yake yuko mtu aliyevaa koti lenye kofia, uso wake hauonekani. Kisu kinamemeta, kinanda kinalia polepole, ukelele unasikika, kisha giza, na katika giza hilo jina la sinema. Mtu huyo ni nani? Amekosewa nini? Msichana anajua nini ambacho mtazamaji hakijui? Aulizaye huambiwa kuwa huo ni mwanzo tu, kana kwamba mwanzo ni mahali pa kujificha.

Mabingwa wanaotolewa kuwa mfano katika madarasa hayo hawakufanya hivyo. Katika Psycho ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1960, hapana damu mwanzoni. Kamera inaingia dirishani mwa hoteli mjini Phoenix, na mtazamaji anawakuta wapenzi wawili ambao ukosefu wa fedha umewazuia kuoana. Shida hiyo ndiyo inayomfanya mwanamke aibe dola 40,000, na wizi ndio unaomfikisha katika nyumba ya wageni atakamofia. Katika Se7en ya David Fincher, ya mwaka 1995, majina yanapita huku mikono isiyo na mwenyewe ikikwangua ngozi ya ncha za vidole kwa wembe na kujaza madaftari. Baadaye sana mtazamaji anapata kujua kwa nini mwuaji haachi alama za vidole, na madaftari ni ya nani. Orson Welles naye, katika Touch of Evil ya mwaka 1958, anaonyesha bomu likitiwa ndani ya gari, kisha analifuata gari hilo barabarani kwa zaidi ya dakika 3 bila ya kukata picha. Mlipuko unapotokea, ndio unaoanzisha uchunguzi wote unaofuata. Kila mmoja wa mianzo hii umechotwa katika kisima cha kisa kizima.

Watetezi watasema kwamba taharuki ni sanaa ya kuficha. Ni kweli, lakini mwenye siri huificha, na asiye nayo huigiza kuficha. Watu hawa wawili hawafanani. Muhammed Said Abdulla alipomtoa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha mwaka 1960, asingeweza kumfumbulia msomaji fumbo ambalo mtungaji mwenyewe halijui. Watasema pia kwamba muda ni mfupi na vyombo ni vichache, na kwamba fundi seremala hujifunza kuunga mbao kabla ya kutengeneza kabati. Hilo nalo ni kweli. Lakini hata mwanagenzi huambiwa kiungo anachokichonga ni cha mlango au cha kiti, maana kipimo chake hutoka huko.

Lau hasara ingekuwa ya sanaa peke yake, ingevumilika. Lakini mwovu asiyepewa sababu na mtungaji hupewa sababu na chuki iliyokwisha kuwamo katika nchi. Mwaka 2005 duka kubwa la Bluewater, katika jimbo la Kent, lilipiga marufuku mavazi yenye kofia za kufunika uso, na vijana wakawa washukiwa kwa nguo zao. Miaka michache baadaye vijana wa rika hilo hilo wanapewa kamera, na wa kwanza wanayemvika uovu ni mwenzao mwenye koti lile lile. Hawakumchukia. Walihitaji mtu wa kuogofya katika dakika 2, na huyo alikuwa tayari, ametengenezwa na wengine. Ajabu ni kwamba moja ya maswali saba ya tathmini liliwauliza picha yao inayawakilishaje makundi ya watu katika jamii. Swali ni jema, lakini lilikuja baada ya kazi kwisha, na liliulizwa juu ya mtu asiye na jina, asiye na kisa, wala kesho. Angejibiwaje?

Dawa yake si ghali. Mtaala wa Eduqas wa A level ulioanza mwaka 2017 ulikubali sinema fupi nzima ya dakika 4 hadi 5. Basi ukamilifu hauwashindi vijana. Na pale ambapo muda hautoshi ila kwa mwanzo, kila kundi na liandike kwanza kisa chote katika ukurasa mmoja: nani ameua, kwa nini, na nini kinampata mwishoni. Ukurasa huo uhesabiwe katika zile alama za matayarisho, na mtahini ausome kabla ya kutazama picha. Hapo kofia ya koti italazimika kuvuliwa, angalau mbele ya mtungaji wake, na chini yake pataonekana uso wa mtu.

Kijana anayejua kutisha bila kujua anatishia nini amefunzwa nusu ya ufundi, na hiyo ndiyo nusu ya hatari. Kesho huenda akapewa magazeti, matangazo na kampeni za uchaguzi, ambamo hofu hununuliwa kwa bei kubwa na hakuna aulizaye mwisho wa kisa. Mwalimu asiyemdai jibu leo asistaajabu kesho akiona miji inatolewa kwa wategaji wasio na majibu.