Injini ya boti ikichemsha, usikimbilie ada ya mtoto

Kwa familia nyingi za pwani, boti ndiyo shamba. Ikilala ufukweni wiki moja, jikoni panajulikana. Ndiyo maana injini kuukuu ikianza kuchemsha, fedha inayoguswa kwanza mara nyingi ni ile iliyowekwa kwa ajili ya shule.

Ndivyo ilivyotaka kuwa kwa mzee mmoja wa Kilindoni, kisiwani Mafia. Injini yake ya dizeli, iliyofungwa ndani ya boti ya mbao, ilikwenda vizuri taratibu, lakini akiongeza kasi tu, mshale wa geji ya joto unapanda. Fundi alisikiliza maelezo, hakugusa kitu, akasema gasketi ya silinda hedi imeungua, injini ifunguliwe yote. Mzee akaanza kuhesabu ada ya binti yake aliyepata nafasi chuoni.

Mkewe, ambaye husafiri naye kupeleka samaki, akamuuliza: "Baba watoto, mbona siku hizi maji ya ekzosi yanadondoka tu? Zamani si yalikuwa yanamwagika?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua."

Swali hilo ndilo la kuanza nalo. Ndani ya injini hii huzunguka maji yanayobeba joto, na maji ya bahari ndiyo huyapoza. Ya bahari huingia kwa tundu la chini ya boti, hupita kwenye koki na chujio, pampu huyasukuma hadi kwenye kipozeo, kisha hutoka pamoja na moshi. Yakipungua kule nyuma, kuna mahali yamezuiwa. Kazi ni kuyafuata kuanzia yanapoingia.

Jioni hiyo, injini ikiwa imezimwa na imepoa, mzee na mpwa wake walifunga koki, wakasafisha chujio, wakachomoa mpira unaopeleka maji kwenye pampu, kisha wakafungua koki kidogo. Maji yakaruka kwa nguvu. Kumbe njia ya chini ni safi. Wakaufunga tena na kuuminya mpira wenyewe, kwa sababu mpira uliochoka hujibana pampu inapovuta sana, na dalili yake ni hiyohiyo ya kuchemsha ukiongeza kasi. Nao ulikuwa mzima.

Walipofungua kifuniko cha pampu, jibu likaonekana. Gurudumu la mpira lililomo ndani lilikuwa limekatika mapanga matatu kati ya sita.

"Mjomba, si tufunge jipya twende zetu?" akauliza kijana.

Mzee akakataa. Vipande huchukuliwa na maji na kukwama mbele. Viwili walivikuta mdomoni mwa kipozeo, cha tatu kwenye kona ya paipu. Wangeviacha, injini ingeendelea kuchemsha na lawama ingeangukia pampu.

Thamostati nayo ilipimwa jikoni, ikining'inizwa kwa uzi ndani ya sufuria ya maji. Ilifunguka kabla maji hayajachemka, ikarudishwa mahali pake. Wengi huitoa na kuitupa, lakini injini inayokaa baridi mno hula mafuta zaidi na kuchakaa mapema.

Gasketi huungua kweli, hasa injini ikichemshwa mara kwa mara, ila ina dalili zake: oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa, maji ya ndani hupungua bila kuonekana yanapovujia, au mapovu hutoka mfululizo injini inapowashwa. Mzee hakuwa na hata moja. Na anayechungulia maji hayo afungue kifuniko injini ikiwa baridi, kwani mvuke wake huunguza uso.

Gharama ikaishia kwenye gurudumu moja la mpira na gasketi ya karatasi ya kifuniko cha pampu. Ada haikuguswa. Gurudumu la akiba sasa hukaa botini, maana mkondo wa Mafia wakati wa kusi si mahali pa kuzimikiwa na injini.

Na kila wakiondoka, mama ndiye anayetazama nyuma. Maji yakipungua, husema mshale haujapanda bado.